Bahari Ndani ya Vyungu

Jina lake silitaji. Nilipoolewa nilikatazwa kulitamka, hata maneno yanayofanana nalo nilikatazwa, na mpaka leo kuna mti mmoja shambani nauita "ule wa miiba" kwa sababu jina lake halisi linaanza kama la kwake. Amekwisha kufa, watoto wake wanamtaja huku wakicheka, mimi bado. Msidhani naogopa. Kuna miiko niliyoivunja na kuna niliyoiacha ikae, na uchaguzi ni wangu.

Basi nitamwita Baba Mkwe. Watu wa Ndandalo walimwita Mzee wa Vitabu, na wale wa kilabuni walimwita Nahodha kwa kumkejeli, maana kazi aliyoifanya ujana wake wote ni kupika ugali na maharage kwenye meli ya ziwani, kutoka Itungi kwenda kule Mbamba Bay na kurudi. Hakukasirika. Alisema nahodha akikosa chakula anageuka mtu wa kawaida ndani ya saa chache.

Kwetu Unyakyusani mke haonani na baba wa mumewe. Simaanishi ile heshima ya kupiga magoti na kuinamisha macho. Haonani naye kabisa. Akija njiani, unaingia kwenye mikakao. Akikaa barazani, unapita nyuma ya nyumba. Siku hizi wengi wamelegeza, wanapeana mikono na wakwe zao na kula meza moja, lakini ukoo nilioolewa mimi haukulegeza kitu. Nikaishi kaya moja na mtu miaka yote hiyo bila kuuona uso wake, na bado nawaambia namjua kuliko waliomtazama kila asubuhi.

Nilimjua kwa kikohozi chake, kwanza. Akitoka nyumbani kwake alikohoa mara mbili ili nijifiche, hata siku ambazo sikuwepo. Nilimjua kwa nyayo zake njiani baada ya mvua, mguu wa kulia ukiburuzika kidogo, na kwa ugoro wake aliouacha umenyunyizika kati ya kurasa. Zaidi ya yote nilimjua kwa vitabu, na hapo ndipo kisa kilipo.

Alikuwa anakusanya vitabu vya zamani vya safari za baharini. Si vitabu vya kusoma tu, vya picha: meli zenye matanga zikipigwa na mawimbi, samaki wenye pembe, visiwa vyenye milima inayotoa moshi, ramani zinazokunjuka mpaka zinakuwa kama mkeka. Kila picha ilifunikwa na karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, ukipumua vibaya inapepea. Vingine vilikuwa vya Kiingereza, vingine vya Kijerumani, kimoja hatukuwahi kujua ni lugha gani. Aliviokota kwa wazungu wa mashamba ya chai Tukuyu walipokuwa wanafungasha kurudi kwao, kwa wamisionari, kwa wauza vitabu chakavu wa Mbeya, kwa watu wa Karonga ng'ambo ya mpaka. Hela hakuwa nazo. Alikuwa na mchele. Nani anakataa mchele wa Kyela? Alisema ameshaona mtu mzima na elimu zake akiachia kitabu cha babu yake kwa sababu ya harufu ya wali.

Sasa vitabu na Kyela, jamani, haviivani. Huku kuna unyevu, kuna mchwa, na masika mito ikifurika maji yanaingia ndani bila hodi. Alichofanya mzee ni kwenda Lyulilo, kwa akina mama wa Kikisi wanaouza vyungu, akiwa amebeba kipande cha ubao kwapani. Ubao huo ndio ulikuwa kipimo cha kitabu. Aliupitisha kwenye mdomo wa chungu, usipoingia anaagiza chungu kingine cha mdomo mpana zaidi, wakamfinyangie. Kisha anaingiza kichwa ndani, ananusa, anaongea humo ndani asikie sauti inavyorudi. Akina mama wale walikuwa wanavunjika mbavu. "Huyu mzee anachagua chungu kama anachumbia!" Naye anawajibu kichwa kikiwa ndani bado, "Mke wangu sikumnusa hivi."

Chini ya chungu aliweka majani makavu ya mgomba, kisha kitabu, kisha nailoni juu, anafunga kwa mpira wa baiskeli. Vyungu vyote vilikaa darini, vimezungushiwa majivu. Kile kitabu cha ramani kubwa ndicho pekee kilichokosa chungu, akakiweka chini ya godoro na kukilalia, na ndiyo sababu, alisema, mgongo wake ulinyooka mpaka uzeeni. Kiangazi alivitoa vyote na kuvianika kwenye mikeka pamoja na kakao, akivigeuza kama anavyogeuza kakao. Mpaka leo ukifungua ukurasa wowote unapata ule uchachu wa kakao iliyovundikwa.

Msidhani namsifia tu. Mzee yule alinikera. Mwaka mmoja maji yalijaa ghafla, kila mtu anakimbia na chake, na mimi nilikuwa na magunia ya mpunga niliyopewa na mama yangu kutoka Busale. Baba Mkwe, mwenye nguvu zake bado, alibeba nini? Vyungu. Kimoja baada ya kingine, anavipeleka mlimani kwa jirani, mpunga wangu unalowa. Mama Mkwe akampigia kelele, "Wajukuu watakula picha?" Akajibu bila kusimama, "Mpunga utaota tena!" Nililia kwa hasira siku ile. Kumlaumu siwezi, kumwangalia siwezi, nikaishia kupiga teke mlango wa jikoni mpaka kidole kikavimba.

Na alikuwa na mambo yasiyoeleweka. Mtu aliyekula mshahara wa meli maisha yake yote, aliyejua kila upepo wa baharini kwa picha, hakujua kuogelea na hakuingia ziwani kupita magoti. Aliwachukia wale mabwana wa kwenye vitabu, akiwaita wezi wenye mwandiko mzuri, halafu ukifunga kitabu chao kwa nguvu kidogo anapiga ukelele kana kwamba umemfinya mtoto. Watu walimdhihaki. Kijana mmoja alimuuliza, bahari iko wapi hapa Kyela mpaka ukusanye vitabu vyake? Akasema, "Wewe kila Jumapili unaimba mbinguni. Umefika?" Mchungaji alipomwonya kwamba hayo ni mambo ya dunia, alimwambia Nuhu naye alikuwa na meli, alichokosa ni mchoraji. Wenye kumshauri auze aliwapa jibu moja tu, miaka yote: "Mimi sina duka."

Mimi niliingia kwenye vitabu hivyo kwa sababu ya macho yake. Yalianza kufifia, ukungu mweupe, kila alichokitazama kikawa kivuli. Daktari alimwambia mambo ya upasuaji, akaogopa, yeye aliyekuwa anawacheka wanaoogopa bahari. Siku moja alinisikia jikoni nikiwasomea wanangu kitabu chao cha Kiingereza cha shule na kuwafasiria. Nina kidato cha nne, Kiingereza changu ni cha kujikongoja, lakini kwenye kaya ile hakukuwa na cha zaidi. Kesho yake Mama Mkwe akaja na chungu kichwani, amenuna.

"Mzee anasema ukisome. Yeye atakaa upande ule wa ukuta."

Ndivyo ilivyokuwa. Jikoni kwangu ukuta ni wa mianzi na udongo uliobanduka, na nyuma yake ndipo alipoweka benchi lake. Mimi huku nimeupa ukuta mgongo, yeye kule. Alinisikia kila pumzi nami nilimsikia anavyonusa ugoro, lakini kusemezana hapana. Katikati alikaa Mama Mkwe, mlangoni, akisuka ukili, na kila neno lilipita kwake.

"Mwulize huyo binti wa Busale wamefika wapi," anasema mzee.

"Anauliza mmefika wapi," ananiambia Mama, mtu akiwa hatua chache tu.

"Mwambie baba wamefika kisiwani."

"Wamefika kisiwani."

"Nimesikia!" anafoka mzee. "Mwulize kwenye picha kuna nini."

Nami namweleza picha. Mwanzoni nilieleza hovyo, meli, bahari, watu. Alikasirika. Picha zote alikuwa nazo kichwani, akanirudisha: mwambie atazame kona ya chini kulia, kuna mbwa amelala, mwambie ahesabu kamba za mlingoti wa mbele, mwambie yule bwana mwenye kofia ameshika nini. Nikajifunza kutazama. Sijawahi kutazama kitu maishani kama nilivyotazama picha zile, na nilizipenda, nasema wazi. Nikawa naamka asubuhi najiuliza leo atataka kitabu kipi.

Na kubishana! Nikisoma bwana fulani kaandika kwamba alikigundua kisiwa, sauti inapasuka nyuma ya ukuta, "Mwambie asome tena hapo! Na hao waliochorwa wamesimama ufukweni na mikuki, walikuwa wanasubiri basi?" Mama Mkwe anageuka kwangu kwa uso mkavu kabisa: "Anauliza walikuwa wanasubiri basi." Ilibidi niume kanga nisicheke, maana kicheko hakipitishwi na mtu, kinaenda chenyewe. Tukimaliza alisema "Ndaga," asante, na neno hilo aliliacha lije moja kwa moja, halikupitia kwa Mama.

Picha aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya meli iliyonaswa kwenye barafu. Bahari imeganda, meli imelala ubavu, mabaharia wamevaa manyoya, na mmoja amekaa peke yake mbali na wenzake, juu ya sanduku, anapika. Moto mdogo, sufuria. Mzee alisema katika vitabu vyake vyote huyo ndiye mpishi pekee aliyechorwa. Mabwana waliandika mamia ya kurasa kuhusu nyota na upepo, wala hawakusema walikula nini na nani alikipika. "Huyu walimchora kwa bahati mbaya," alisema. "Ila yupo. Hawawezi kumtoa."

Basi mtajua ilikuwaje niliposikia kuna mtu anataka kuzitoa picha zenyewe.

Alikuwa mnunuzi, mtu wa mjini, anapamba hoteli. Picha za zamani zikitiwa fremu na kioo zinapendeza ukutani, wageni wanazipiga picha kwa simu. Vitabu havikumhusu, vizito, vinanuka kakao. Alitaka karatasi za picha tu. Shemeji yangu mkubwa, kaka yake mume wangu, ndiye aliyekutana naye. Mume wangu alikuwa huko Kasumulu mpakani kwenye kazi yake ya malori, hana habari. Nilimsikia shemeji akimwambia mama yake barazani, tena kwa upole, kama mtu anayetoa ushauri mzuri. "Baba haoni, Mama. Nitampelekea mnunuzi moja aione, na Jumamosi ya wiki ijayo aje akate zilizobaki. Vitabu tutamwachia vyote. Atapapasa jalada, ataridhika. Nani atamwambia?"

Nilidhani ni maneno tu. Nilidhani mama yake atamkatalia.

Wiki iliyofuata, jua kali, kakao iko mikekani, mzee akaagiza kile kitabu cha barafu. Nikafungua chungu, nikaketi, nikaanza kusoma. Meli inatoka bandarini, baridi inaanza, kamba zinaganda. Nikageuza ukurasa. Ile karatasi ya kufunika, ya ganda la kitunguu, ilikuwepo. Nikaiinua. Chini yake hakukuwa na kitu, ila ukingo mwembamba umebaki kwenye mshono, umenyooka, umekatwa kwa wembe.

"Mwulize wamefika kwenye barafu?" akasema mzee. Sauti yake ilikuwa na furaha.

Nilimtazama Mama Mkwe. Naye alikuwa ananitazama, ukili umesimama mikononi, na hapo nikaelewa kwamba alijua.

"Endelea tu," akaninong'oneza. "Unaijua kwa moyo. Sema kama siku zote."

"Mama, mwambie picha haipo."

"Sisemi."

"Mama."

"Ni mwanangu! Unataka niende kwa mume wangu na maneno ya kumwangamiza mwanangu? Sema ile ya siku zote, mwanangu, nakuomba. Inamdhuru nani?"

Alikuwa analia, na mimi nampenda yule mama, amenizalisha wanangu kwa mikono yake. Lakini hasira ilinipanda. Ghafla niliona walivyopanga. Shemeji hakuhitaji kuficha kitu. Baba haoni, na mtu pekee anayeona ni mkwe, na mkwe haruhusiwi kumsemesha. Mwiko wa heshima, ambao niliufuata mpaka nikawa naruka mitaro na mimba kubwa, leo umekuwa pazia la mwizi! Na mzee kule nyuma alikuwa ameshasikia kila neno, naapa alisikia, ukuta wenyewe ni ule. Lakini kwa sheria ya kaya ile kisichopita kwa Mama hakijasemwa. Alikuwa anasubiri aambiwe.

Nikanyanyuka. Nikatoka na kitabu, nikazunguka nyumba, nikapita katikati ya mikeka nikikanyaga kakao yangu mwenyewe, nikasimama mbele yake.

Akajua. Akavua kofia yake haraka akaifunika usoni, kwa sababu mwiko ni wa pande mbili. "Toka hapo, mwanangu," akasema ndani ya kofia. "Toka, tafadhali."

"Sitoki, baba. Picha ya mpishi imekatwa kwa wembe. Mwanao mkubwa ameiuza, na Jumamosi zinakuja kuchukuliwa zilizobaki."

Kofia ikabaki pale pale. Nikaiona mikono yake, mikono niliyoijua kwa alama za vidole gumba kwenye kurasa tu. Kisha akaishusha kofia. Nikamtazama. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko sauti yake. Mimi niliyekuwa nafoka nikaanza kulia kama mtoto mdogo.

"Lete," akasema.

Nikamwekea kitabu mapajani. Akapapasa kurasa mpaka akaufikia ule ukingo, akapitisha kidole juu mpaka chini, taratibu. Mama Mkwe alikuwa amekuja mpaka kona ya nyumba, amejishika kichwa.

"Kaa hapa," mzee akaniambia, akagonga ubao wa benchi pembeni yake. "Umeshaniona, kujificha tena ni kwa faida ya nani?"

Shemeji alipopata habari alikuja mbio, na wala hakuzungumzia wembe. Alizungumzia mwiko. Nimeuvunjia ukoo heshima, nimemlaani baba, natakiwa nitoe ng'ombe, nirudishwe kwetu Busale mpaka ng'ombe apatikane. Alisema kwa sauti kubwa ili majirani wasikie. Mzee alimwacha amalize.

"Ng'ombe nitatoa mimi," akasema. "Wewe kairudishe picha."

Hakuweza. Ilikuwa imeshatiwa kioo kwenye ukuta wa hoteli, sijui ya wapi, na iko huko mpaka leo. Sitawadanganya kwamba tuliipata. Shemeji aliondoka akitukana, akakaa muda mrefu bila kukanyaga kwetu, na Mama Mkwe naye hakusema nami kwa majuma. Hilo liliniuma, bado linaniuma. Lakini ningelirudia kesho.

Jumamosi mnunuzi alifika na pikipiki, akaiegesha pale pale uani, penye mikeka ya kakao. Alikuwa na begi zuri, rula ya chuma na boksi la nyembe mpya. Alitukuta benchini, mimi na Baba Mkwe, bega kwa bega, mchana kweupe, watu wanaopita barabarani wanasimama kushangaa. Vyungu vyote tulikuwa tumevishusha darini tukavipanga miguuni petu.

Akaamkia vizuri. Akaeleza alikubaliana na kijana wa mzee, tena ameshatoa kitu kidogo.

"Hakatwi mtu hapa," nikamwambia. "Ulichotoa kadai kwa uliyempa."

Akanicheka kidogo, yale macheko ya kistaarabu. Akanipita, akamwinamia mzee. "Shikamoo tena, baba. Naona huyu mama hajaelewa. Ningeomba tu niongee na mwenye mali."

Baba Mkwe akachukua ugoro, akanusa, akajifuta.

"Ulikuwa unaongea naye," akasema.

Sikuwa nimeambiwa. Hatukuwa tumezungumza jambo hilo hata kidogo, wala hakunigeukia aone nimelipokeaje. Mnunuzi akanitazama, akatazama vyungu, akanitazama tena, safari hii akisubiri.

"Umesikia," nikamwambia. "Sasa ondoa pikipiki yako kwenye mkeka, unaharibu kakao."